Mwaka Niliofundishwa Kutania

Matron wetu akikagua bweni huanza na kitanda changu. Ni heshima aliyonipa tangu siku alipofungua mlango akanikuta nikimwigiza akikagua bweni. Juzi Jumatatu aliinama, akaingiza mkono uvunguni, na badala ya viatu vichafu akatoka na karai. Karai la kukaangia, jeusi, zito, pana kama ungo, sikio moja limechomelewa upya. Wenzangu wote wakasogea wasikose neno. "Kabula," akasema, "hapa ni shule au ni mgahawa?" Nikamjibu, "Hicho ni cheti changu, matron. Kipo uvunguni kwa sababu hakienei kwenye faili." Wakacheka, yeye akakohoa ili asicheke, kisha akalirudisha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Alijua lilikotoka. Yeye ndiye aliyepokea simu ya msiba mwezi wa pili na kunitafuta darasani hapa Geita, na ndiye aliyenipa ruhusa ya siku tatu bila kuuliza kama marehemu ni ndugu yangu.

Wiki ileile tulikuwa tunajaza fomu za kumaliza kidato cha sita. Kuna mahali wanauliza vipaji vyako na mambo unayopenda kufanya. Wenzangu waliandika kusoma vitabu, kusikiliza muziki na kusaidia jamii, hata yule ambaye hajawahi kusaidia kufuta ubao. Mimi niliandika "kutania msibani". Mwalimu wa taaluma akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Acha mzaha." Ndiyo maana naandika haya. Nina miaka kumi na tisa, ni mtu mzima kwa serikali na mtoto kwa mama, na sijawahi kusema jambo la maana kuliko lile lililokatwa. Habari za ukoo wangu nitaziruka. Baba yupo, mama yupo, mbuzi walikuwepo. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, wa kidato cha pili, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maandazi Ngokolo.

Mwaka ule nilikuwa nimeitwa ofisini mara nyingi hadi kile kiti cha kusubiria kilikuwa kimechukua umbo langu. Kosa lililomchosha mama lilikuwa hili: nilisimama mbele ya darasa nikiigiza mwalimu wa nidhamu anavyotembea, fimbo mgongoni, kifua mbele, shingo ikitangulia kama ya kanga dume, na darasa likanyamaza ghafla. Nilidhani wameguswa na ufundi wangu. Kumbe mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Jioni hiyo mama alinishika mkono akanipeleka nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa Bi Mwanaidi, ambaye watu wazima walimwita Mama Shabani. "Shikamoo, Mama Shabani. Nimekuletea huyu. Mdomo wake hauna breki. Mfundishe kukaanga maandazi, mikono ikiwa na kazi labda ulimi utapumzika." Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya karai hili hili, miwani imefungwa kwa uzi kwenye sikio moja. "Marahaba. Mdomo wenyewe uko wapi? Sogea nione." Akanishika kidevu, akanifungua kinywa, akachungulia. "Ng'ombe wa Kisukuma huyu. Meno yapo yote, akili ndiyo bado haijaota. Mwache."

Msomaji asiyetujua asishtuke. Bi Mwanaidi alikuwa Mzaramo, sisi ni Wasukuma, na Wazaramo na Wasukuma ni watani. Zamani wazee wetu walikuwa wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani, wakifika wanapumzika kwa Wazaramo, na huko yakaanza matusi ya kirafiki ambayo mpaka leo hayajaisha. Yeye alikuja Shinyanga na mumewe aliyefanya kazi ya reli. Alisema anakaa wiki moja, aone nchi isiyo na minazi. Mume alifariki, reli ikamsahau, yeye akabaki. Ngokolo nzima hakukuwa na Mzaramo mwingine, kwa hiyo utani wote wa mtaa ulikuwa kazi yake peke yake. Alituita watumwa wake, mkubwa kwa mdogo, na hata mwenyekiti wa mtaa aliitika.

Kila nikitoka shule nilikwenda kwake. Chumba chake nakijua kuliko changu. Kitanda kirefu cha chuma kilichoinuliwa kwa matofali, na chini yake dunia nzima: unga, sukari, viatu vya marehemu mumewe, nazi alizotumiwa kwa basi kutoka Dar. Pazia la maua lililokuwa jekundu likawa rangi ya chai. Redio iliyozungumza pale tu ilipopigwa kofi. Harufu ya iliki na mafuta iliingia mpaka kwenye daftari langu la hesabu, na mwalimu alipolisahihisha alikuwa akipata njaa. Ijumaa alipika wali wa nazi, nami nilimletea michembe kutoka kwetu, vile viazi vitamu tunavyovikausha juani, pamoja na karanga. Kila Ijumaa alikinyanyua kipande kimoja kwa vidole viwili. "Nyie mnamuua kiazi, mnamwanika, halafu mnamchemsha tena. Kosa lake nini?" Mara ya kwanza nilicheka tu. Akaniangalia. "Nimekutupia, na wewe hurudishi? Rudisha." Nikasema, "Sisi angalau tunakula kiazi, bibi. Nyie mnakunywa maji ya nazi mnajiita mmeshiba." Akatafuna taratibu, macho juu, kama anayeonja mboga ya mtu mwingine. "Limeiva nje," akasema, "ndani bichi. Umesema la Wazaramo wote. Sema langu mimi."

Ndivyo alivyonifundisha. Kukaanga na kutania vilikuwa somo moja, kwenye kigoda kimoja. Andazi likitumbukizwa mafuta yakiwa moto mno linababuka upesi, kila mtu analisifu, ukiling'ata unga unakwama kwenye meno. Utani wangu wote ulikuwa wa namna hiyo. Nilikuwa naweza kuigiza sauti na mwendo wa mtu yeyote, lakini sikujua kwa nini. "Umemwigiza mwalimu wako anavyotembea," aliniambia. "Haya, anatembea hivyo kwa sababu gani?" Sikujua. "Basi umeiba nguo, mwenye nguo hukumwona." Nikaanza kumwangalia yule mwalimu. Wiki mbili baadaye niligundua kwamba fimbo ile alikuwa haiweki mgongoni kwa majigambo, alikuwa anaegemezea mgongo uliokuwa ukimuuma. Sikumwigiza tena. Yaani mwanamke ameniharibia mchezo wangu bora kwa swali moja, na leo najivunia kuharibiwa huko kuliko makofi yote niliyopigiwa darasani.

Mwezi wa nne alifariki Mzee Masanja wa mtaa wa nyuma, mtu mwema kabisa isipokuwa kwa habari ya baiskeli yake. Hakuna aliyewahi kuiazima. Alikuwa anaifuta mpaka mnyororo. Siku ya pili ya msiba Bi Mwanaidi aliniambia nivae kanga nimfuate, nisiseme neno. Nilidhani tutaingia moja kwa moja kufanya vituko, kama watani wafanyavyo misibani. Kumbe alizunguka uani, akachukua ufagio, akafagia kuanzia jikoni mpaka chooni, kisha akakaa na masufuria yaliyokuwa na ukoko wa jana, tukayasugua kwa majivu. Pale kwenye mafiga nilisikia wanawake wakinong'ona. "Mama Masanja hajatia kitu kinywani tangu juzi." "Hata uji?" "Hata maji mpaka alazimishwe." "Atamfuata mumewe huyo." Bi Mwanaidi hakuinua uso. Alisugua sufuria la mwisho, akalifunika, akajifuta mikono, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kofia ya marehemu na anaikokota ile baiskeli. Akapita katikati ya waombolezaji akipiga kengele. "Nani kaigusa? Nimeondoka siku mbili tu, kuna mtu kaigusa! Huyu! Wewe, toa mikono nione! Ng'wanawane, mwanangu, kiti hiki kina joto, nani kakikalia?" Akainama kwenye tairi akalinusa. Akatoa leso akafuta spoku moja moja, huku akimtazama mjane kwa jicho la kushuku, lile jicho kabisa la Mzee Masanja. Na mjane, aliyekuwa ameegemea ukuta kama nguo iliyoangikwa, akatoa sauti. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia kweli, kilio kikubwa kilichokuwa kimekwama, na kilipokwisha akasema, "Nipeni hicho chakula, kabla hajanidai na mimi nimekalia baiskeli." Akala. Ugali na maziwa, bakuli zima. Nilikuwa nimeshika ufagio na sikumbuki kama nilipumua. Nilitaka kitu kile kuliko nilivyowahi kutaka chochote.

Likizo ya mwezi wa sita alinichukua kwenda Bulyanhulu, kwa binti yake Zuhura, aliyekuwa na mgahawa wa mabati kando ya njia ya wachimbaji wadogo. Sijawahi kuona watu wanaokula namna ile. Waliingia na vumbi mpaka kwenye kope, wakakaa kwenye mabenchi bila kuongea, ugali ukafika, ukatoweka. Bi Mwanaidi hakuweza kuvumilia ukimya ule. "We mwanaapolo," alimwita kijana mmoja, ndivyo wanavyojiita wenyewe wachimbaji, "dhahabu umeipata au umeleta vumbi tu kwa binti yangu?" Kijana akajibu bila kuinua kichwa, "Bibi, hili vumbi ndiyo dhahabu, bado halijakubali." Benchi zima likacheka. Aliyekuwa hacheki ni Zuhura. "Mama, watu wanakula," alisema, na akaendelea kupakua. Alikuwa mrefu, msafi, mwenye mikono ya haraka, na uso uliofungwa kama duka siku ya sikukuu. Mimi, bingwa wa kidato cha pili, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ufundi. Nikachukua mwiko nikamwigiza, "Mama, watu wanakula," sauti ileile, shingo ileile. Wachimbaji wakapiga meza. Zuhura akanitazama kama mtu anavyotazama mvua inayonyesha shamba la jirani, akanipa beseni la vyombo nioshe mpaka alasiri.

Nilipokuwa nasugua Bi Mwanaidi akaja kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakunicheka. Akaniambia kwamba Shabani, kaka yake Zuhura, alifukiwa na duara, lile shimo la wachimbaji, si mbali na pale, na tangu siku ile Zuhura hajacheka. "Nimejaribu. Watu wote hawa nimewachekesha, mwanangu siwezi. Ninapomwendea na utani ananiona na mimi ninavyolia. Msiba wake na wangu ni mmoja, Kabula. Nitamfagilia vipi uwanja ambao na mimi nimelala?" Kisha akaniinulia kidole chenye unga. "Shabani usimguse. Siku yoyote, mahali popote. Kila mtu ana mlango mmoja ambao mtani hagongi. Ukishindwa kuujua, kaa kimya uoshe vyombo." Nikaosha vyombo.

Ungedhani baada ya hapo nimeelimika. Mwezi wa tisa alifariki baba mkubwa Ngasa huko Samuye, kaka yake baba, mfugaji aliyekuwa na koti moja la kijeshi alilovaa masika na kiangazi. Bi Mwanaidi alikuwa anaumwa mguu, hakwenda. Tulipofika nikaona mama mkubwa Holo, mjane, ameketi ndani ya nyumba, hataki kula, na wanawake wananong'ona maneno yaleyale niliyoyasikia kwa Mzee Masanja. Nikajisemea, leo ni zamu yangu. Sikusahau somo: nilifagia kwanza. Nikaosha masufuria. Kisha nikaingia, nikalichukua lile koti kwenye msumari, nikalivaa, nikachukua fimbo yake, nikatoka uani nikiita ng'ombe kama alivyokuwa akiwaita, mluzi mmoja mrefu na miwili mifupi, huku nikichechemea kidogo. Niliigiza vizuri. Naapa mpaka leo, niliigiza vizuri sana. Ng'ombe wawili zizini waligeuza vichwa.

Hakuna mtu aliyecheka. Mzee Maduhu, aliyekuwa anasimamia msiba, akanyanyuka kwenye kiti taratibu. "Wewe binti. Ni mtani wa nani hapa?" Nikaishusha fimbo. Kama marehemu angekuwa babu yangu ningesamehewa, kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumchezea babu hata siku ya kumzika. Kama ningekuwa Mzaramo wangenichekea na kunipa kuku. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa nyumba ile. Baba mkubwa ni baba. Nilikuwa nimevaa koti la baba yangu na kumfanyia vituko kabla udongo wake haujakauka. Nikageuka nikamwona mama mkubwa Holo mlangoni. Alikuwa analia, na kilio chenyewe hakikuwa kile cha mjane wa Masanja. Alikuwa anajifunika uso kwa aibu, mbele ya wageni.

Wakakaa wazee, wakanikatia adhabu: maji yote ya msiba mpaka siku ya kuanua matanga nitayateka mimi, peke yangu, kutoka lamboni, kwenye bwawa la kijiji. Siku tatu. Ndoo kichwani, njia ya mchanga, wasichana wa rika langu wakigeuza nyuso nikipita. Mama yangu alitembea nami safari ya kwanza, halafu akarudi. Siku ya pili, nikiwa katikati ya njia, lile koti likanijia puani. Harufu ya moshi, ya ng'ombe na ya tumbaku, ilikuwa bado imeshika kwenye nguo yangu. Nikakumbuka kwamba mtu huyu alikuwa akinibeba kwenye mabega nikiwa mdogo kwenda kuona ndama. Nilikuwa sijamlilia hata mara moja. Nilitua ndoo nikalia palepale barabarani, na mbuzi wa watu wakaja kunywa maji yangu, ikabidi nirudi kuteka mengine. Siku ya tatu nilipoleta ndoo ya mwisho mama mkubwa Holo alinipokea mwenyewe. "Lilikukaa vizuri koti lake," alisema. "Ila si wewe wa kulivaa, mwanangu." Akanipa ugali, tukala sahani moja.

Nilipomsimulia Bi Mwanaidi alicheka mpaka miwani ikakatika uzi. Alicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini, akamsimulia, wakacheka wawili. Nilimwachia acheke, ilikuwa haki yake. Alipomaliza akatumbukiza maandazi, akayatazama mpaka yakaelea. "Unajua mtani anaweza kufagia kwa nini? Kwa sababu wenye msiba wameanguka, yeye kasimama. Hana msiba pale. Wewe ulikuwa na wako, ukaukimbia, ukajificha ndani ya koti." Nikainamisha kichwa. "Sasa mimi nitamtania nani, bibi?" "Watani zako. Wazaramo." "Mzaramo Ngokolo nzima ni wewe tu." Akachukua andazi moja, akalikata katikati, nusu akala, nusu nyingine akaifungia kwenye pindo la kanga yake, kama alivyofanya kila siku akijidanganya kwamba amekula nusu tu, kumbe huimaliza baadaye. "Basi ngoja," akasema.

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa nilitaka kuondoka, akanishika mkono. "Unakimbia tena? Kaa. Nitakufundisha vizuri, nisije nikachekewa kwa utani mbichi." Miezi iliyobaki ya mwaka ule alinipa masomo ya yeye mwenyewe. Alisimama mbele yangu akatembea ili niuone mguu. Alinionyesha anavyogombana na redio. "Na usisahau kwamba nilisema nakaa wiki moja." Tulikuwa tunafanya mazoezi ya msiba wake huku tukila wali wa nazi, na sikumbuki mwaka wowote niliocheka kama ule. Mtu akiniuliza nilijifunza nini kidato cha pili, nitasema nilijifunza kukaa karibu na mtu kwa kumtazama, mpaka ningeweza kumrudisha chumbani hata kama ametoka. Haikuwa kwenye mtihani.

Mwezi wa pili mwaka huu nilifika Ngokolo asubuhi, nikiwa bado na sare za shule. Bi Mwanaidi alikuwa amefariki jana yake kwa ugonjwa wa siku mbili, Zuhura alishafika, na walisubiri ndugu wa pwani, wazike baada ya swala ya alasiri. Uani mtaa mzima ulikuwa umekaa chini, Wasukuma watupu, kila mmoja amewahi kutukanwa na yule mama, na hakuna aliyeweza kunyanyuka. Mama yangu mwenyewe alikuwa ameshika nguzo. Nikasikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Zuhura hajala. Hajalia wala hajala." Nilitaka kugeuka niondoke, na hapo nikakumbuka swali la Bi Mwanaidi: unakimbia tena? Nikachukua ufagio. Nikafagia kuanzia jikoni mpaka chooni. Nikasugua masufuria kwa majivu, la mwisho likiwa karai hili, ambalo halikuwa chafu.

Kisha nikajifunga kanga yake, nikavaa miwani ya uzi, nikatoka nikiburuza mguu, karai mkono huu, redio mkono ule. Nikakaa kwenye kigoda chake mlangoni kabisa, pale jeneza litakapopita. "We mtumwa," nikamwambia mwenyekiti wa mtaa, "andazi huliwa, halitazamwi. Unalichumbia?" Mtu mmoja akakohoa. Nikaipiga redio kofi. "Nilisema nakaa wiki moja! Nani kaniongezea? Mmeniroga kwa hivyo viazi vyenu vilivyokufa mara mbili!" Kicheko kikaanza nyuma, kwa wanaume, kikaja mbele. Shehe aliyekuwa amesimama kando akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Wanaume wakaja na jeneza mlangoni, nikalaza karai kizingitini nikalala mbele yake, kama mtani anavyozuia jeneza mpaka apewe kitu. "Huyu Mzaramo hatoki. Ametukana watu miaka yote hii, leo anaondoka bila kuaga?" "Mpeni mtani haki yake," akasema shehe, "jua linakwenda." Na macho yote yakamgeukia Zuhura, aliyesimama na uso wake uleule uliofungwa.

Sikusema neno la Shabani. Niliinuka tu, nikafanya kama nimechukua andazi, nikalikata, nikala nusu, nikatazama huku na huku kama mwizi, nikaifungia nusu nyingine kwenye pindo la kanga. Kisha nikainama kuokota karai, na kipande cha andazi kweli, nilichokuwa nimekificha pindoni kabla ya kutoka, kikadondoka miguuni pake.

Zuhura akakitazama. Pua yake ikatoa sauti, kama mtu aliyepaliwa. Akajaribu kuizuia kwa mkono, haikuzuilika. Alicheka ameinama, ameshika magoti, kicheko cha mama yake kabisa, kile cha kukatika uzi wa miwani, na kutoka ndani yake kikatoka kilio ambacho nadhani kilikuwa cha watu wawili. Wanawake wakamshika. Alipopata sauti akanielekezea kidole. "We mtumwa, mwache mama yangu apite!" "Nipe kitu!" "Chukua hilo karai lake! Chukua, na usirudi hapa!" Nikalibeba kichwani, nikampisha Bi Mwanaidi apite. Nilipochungulia kwenye pazia baadaye, Zuhura alikuwa amekaa kwenye kile kitanda kirefu na bakuli la uji mapajani, anakunywa. Ndipo nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa chini na karai langu, nikalia msiba wangu mwenyewe, wote, bila koti la mtu.

Siku ya arobaini matron alinipa tena ruhusa. Nilikwenda bila karai, nikidhani nilipewa niliweke kama kumbukumbu. Zuhura akanifungia mlango. "Hilo si pambo. Kalilete." Nikarudi nalo Jumamosi iliyofuata. Alikuwa ameshakanda unga. Tulikaa mbele ya moto, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikakaanga, nikampa la kwanza. Aliling'ata, akatafuna taratibu, macho juu. "Limeiva nje," akasema, "ndani bichi." Nusu iliyobaki akaifungia kwenye pindo la kanga, akadhani sikuona.